Mnara wa Udongo: Juu ya Wasumeri, Vichuguu na Wale Waliokula Mukuba

Kuna neno moja tumechoka kulisikia katika mji huu wa Lubumbashi. Halisemwi na wajinga. Linasemwa na watu wa masomo, wenye diploma, tena kwa sauti ya mtu anayetoa siri: "Bankambo betu habakujengaka kintu." Halafu wanahesabu kwa vidole: Wamisri walijenga piramidi, Wasumeri walijenga minara ya kufika mbinguni, watu wa Zimbabwe walipanga mawe bila simenti. Na sisi hapa Katanga? Udongo. Nyumba ya udongo, mvua mbili inaanguka, njo mwisho. Nyuma ya hapo wanacheka na kuagiza Simba ingine.

Sisi wa chama hiki hatucheki. Tunaona kwamba neno hili linaua kitu, na tunataka kulipiga mahali penyewe linapojificha, yaani katika neno "udongo". Kusudi tulipige vizuri, tutaanzia mbali, kule kwa hao Wasumeri wanaotumiwa kutuaibisha. Maana wengi wanaotutupia mnara wa Wasumeri usoni hawajauliza hata siku moja ulijengwa na nini.

Ulijengwa na udongo.

Inchi ya Sumeri ilikuwa kusini mwa inchi tunayoita leo Iraki, kati ya mito Tigri na Frati. Ni inchi ya matope na matete. Mawe ya kujenga hakuna, miti mikubwa hakuna, madini hakuna. Mtu wa kule aliamka asubuhi, akatazama mbele yake, akaona mambo matatu: maji, udongo, matete. Na kwa mambo hayo matatu wakainua minara ile ambayo wataalamu wanaiita zigurati, neno la watu wa Akadi lenye maana ya kitu kilichoinuliwa juu. Mnara unaojulikana zaidi ni ule wa mji wa Uru. Mfalme Ur-Nammu aliuanzisha karibu mwaka wa 2100 mbele ya Kristo, mwana wake Shulgi akaumaliza. Chini una urefu wa mita 64 hivi na upana wa mita 45 hivi. Mwingereza Leonard Woolley, aliyechimbua mji huo kati ya 1922 na 1934, alikuta kwamba moyo wote wa mnara ni matofari mabichi, yaliyokaushwa na jua tu. Inje yake waliweka ukuta wa matofari ya kuchomwa, wenye unene wa mita mbili na nusu hivi, wakayashikanisha na lami nyeusi inayotoka yenyewe ardhini kule.

Hapa tusimame kidogo, maana ufundi uko hapa. Matofari mabichi yanakunywa maji. Yakinywa yanavimba, yakivimba yanapasua ukuta wa inje. Kila fundi wa nyumba wa Katuba au wa Kenya anajua taabu hiyo. Basi mafundi wa Uru waliacha matundu madogo yaliyopangwa katika ukuta wa inje, yanaingia ndani mpaka kwenye moyo wa mnara, kusudi unyevu upate njia ya kutoka. Na katika minara ya namna hiyo walitandika mikeka ya matete kati ya safu na safu za matofari, ili udongo ushikane usiteleze. Mtu aliyefikiri hivyo alikuwa ameujua udongo kama mama anavyojua tabia ya mtoto wake. Hakuwa anaujengea kwa sababu ya ukosefu tu.

Na mnara ulikuwa wa kazi gani? Si kaburi, kama piramidi. Ndani hakuna chumba, hakuna njia, hakuna mfalme amelala. Ni udongo mtupu mpaka mwisho. Mnara ulikuwa kiti. Juu kabisa kulikuwa nyumba ya Nanna, mungu wa mwezi, mwenye mji. Ngazi tatu ndefu zilipanda na kukutana kwenye mlango mmoja. Ule wa Babeli, uliojengwa baadaye, jina lake lilisema wazi kazi yake: nyumba iliyo msingi wa mbingu na dunia. Yaani ni mahali ambapo juu na chini vinashikana. Mtu hapandi pale kutazama mandhari.

Tena kuna jambo moja dogo ambalo sisi tunalipenda kuliko mnara wenyewe. Wafalme hawa wa Uru walikuwa na desturi ya kuzika sanamu ndogo katika msingi wa hekalu. Sanamu inamwonyesha mfalme mwenyewe, kifua wazi, amebeba kikapo cha udongo kichwani, sawasawa na mfanyakazi wa kwanza wa uwanja. Na sanamu hiyo ilitengenezwa na nini? Na shaba. Mukuba! Katika inchi isiyokuwa na mukuba hata kidogo. Shaba yao ilikuja kwa mashua kutoka inchi waliyoiita Magani, ambayo leo ni Omani. Waliithamini mpaka wakaizika chini ya nyumba ya mungu wao. (Waligombana pia juu yake. Kuna kibao cha udongo kilichopatikana Uru, cha karibu mwaka wa 1750 mbele ya Kristo, ambamo mteja mmoja, jina lake Nanni, anamlalamikia mfanyabiashara Ea-nasir kwamba amemtolea shaba mbaya. Wachimbaji wetu wa mikono wakisomewa kibao hicho watafikiri kimeandikwa juzi, Likasi au Kolwezi.)

Sasa turudi nyumbani. Yule anayesema udongo ni haya, analala wapi? Tunamuomba apige ukuta wake ngumi. Sehemu kubwa ya mji huu imejengwa na matofari ya kuchomwa, na udongo mzuri wa matofari hayo unatoka katika kichuguu. Kila mtu anajua. Mtu akinunua kiwanja pembeni ya mji na akakuta kichuguu katikati, hafurahi kwanza, halafu fundi anamwambia: "Baba, usiwe na mawazo, nyumba yako njo hii." Wanakivunja, wanapiga matofari, wanachoma, nyumba inasimama, hata jirani anapata yake. Kwa hiyo anayesema bankambo walijua udongo tu, yeye mwenyewe anakaa ndani ya kichuguu. Tofauti ni rangi ya ukutani.

Na kichuguu si kitu cha kudharau. Wabemba wanakiita ichulu. Vile vikubwa vya huku kwetu vinaweza kufika mita 8 za urefu na mita 15 za upana chini. Wachunguzi wa udongo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji wamepima umri wa vichuguu vya pembeni ya mji, na mnamo 2015 walitangaza kwamba kimojawapo, kilichokwisha kuachwa na mchwa, kina zaidi ya miaka 2000. Zaidi ya miaka elfu mbili! Kilianza mbele ya kuzaliwa kwa Kristo, tena kinaweza kwisha kwa siku tatu, kwa majembe na toroli moja. Mchwa wanapandisha udongo mfinyanzi kutoka chini sana, wanauchanganya na mate yao, punje kwa punje. Njo maana udongo huo unashikana, hauachi maji kupita ovyo, na ukipata moto haupasuki kama udongo wa kawaida.

Jambo hili la moto njo bankambo wetu waliliona. Na hapo ndipo mnara wetu unapoanzia.

Watu wa zamani wa inchi hii, Wasanga na wenzao, na baadaye Wayeke waliofika katika karne ya 19 na kuwakuta mafundi wakiwa kazini, walikuwa na neno moja kwa kazi ya shaba: kula mukuba. Wazungu walitafsiri neno hilo na kuwaita mafundi hao "wala-shaba". Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto, aliandika habari zao mwaka wa 1926, nyuma ya kuwaomba wazee waliobaki wamwonyeshe kazi ambayo walikuwa wameacha zamani. Alikuwa mtu wa ukoloni kabisa, lakini aliandika alichoona, na kwa hilo tunamshukuru. Bila kalamu yake, na bila macho ya wazee wale, tungekuwa tunabahatisha.

Kazi ilianza wakati wa ukavu, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Kwanza kutafuta. Mlima wenye shaba unajulikana: msitu unakatika ghafula, miti inakataa kuota, inabaki majani mafupi na maua ya pekee. Kuna ua moja dogo la zambarau, ambalo wataalamu wa mimea wamelipa jina la inchi yetu, katangense, nalo linapenda ardhi yenye shaba ambako mimea mingine inakufa. Fundi hakuhitaji mashine. Alisoma mlima kama sisi tunavyosoma gazeti. Halafu kuchimba, na kukusanya malakiti, lile jiwe la kijani. Wanaume walishuka mashimoni na vyuma vyao. Akina mama na watoto waliokota yaliyo juu na yale yaliyo katika vijito, wakayabeba katika vikapo, wakayaosha, wakayachagua. Mfalme wa Uru alijivunia kikapo kimoja katika sanamu. Mama zetu walibeba vingapi?

Halafu makala. Si kila mti unafaa: walitaka miti migumu, yenye kutoa makala mazito yanayoshika moto kwa muda mrefu.

Halafu tanuru, na tunaomba msomaji asiharakishe hapa. Walikwenda kwenye kichuguu, wakakata mapande ya udongo ule ule uliokwisha kushikanishwa na mchwa, wakayapanga kuzunguka, moja juu ya lingine, mpaka ukatokea mnara mfupi wenye tumbo wazi. Chini waliacha nafasi za kupitisha mirija, nayo pia ilifinyangwa kwa udongo wa kichuguu, kila mrija ukafungwa na mivukuto ya ngozi ya nyama wa porini. Ndani wakapanga makala na malakiti. Kisha moto, na vijana wa mivukuto wakaanza, wakipokezana, kwa nyimbo, maana mkono bila wimbo unachoka upesi. Shaba safi inayeyuka kwenye digri 1085. Makaa ya kawaida ya jikoni hayafiki hapo. Ni upepo wa mivukuto unaoyafikisha, na ni ukuta wa kichuguu unaoshika joto lile ndani lisitawanyike. Moto wenyewe unageuka rangi, unatoa ndimi za kijani, na fundi mkubwa anatazama rangi hiyo tu, bila saa wala kipimo, mpaka anajua kwamba jiwe limekubali. Shaba inashuka chini, inakusanyika katika shimo. Namna za kupanga zilitofautiana kati ya kundi na kundi, lakini udongo ulikuwa ule ule. Baadaye shaba hiyo iliyeyushwa mara ya pili, ikamiminwa katika umbo lililochongwa chini: msalaba.

Sasa mtu atatuuliza: hilo ni tanuru, ni kiwanda, linahusu nini hekalu? Mnalinganisha kiti cha mungu na jiko?

Tunajibu: ndiyo, tunalinganisha, tena bila haya. Mwenye kuuliza hivyo anachukua mambo ya leo, ambapo kiwanda kiko upande huu wa barabara na kanisa upande ule, anayavalisha wankambo. Kwao hakukuwa barabara hiyo. Kazi ya moto haikufunguliwa na mtu yeyote anayependa. Ilikuwa na wenyewe, wenye siri iliyotoka kwa baba kwenda kwa mwana, na mtu aliingizwa humo kwa kufundishwa na kwa kupewa dawa. Mafundi walikaa mbali na wake zao siku za kuyeyusha. Waliita majina ya waliowatangulia. Dawa ziliwekwa katika tanuru mbele ya moto. Karibu kila mahali Afrika ya kati ambako watu waliyeyusha chuma au shaba, desturi ni za namna hiyo: tanuru linatendewa kama mama mwenye mimba, na madini yanayotoka ni mtoto. Wasumeri walisema mbingu na dunia zinashikana juu ya mnara. Wankambo walisema walio hai na waliokufa wanashikana ndani ya mnara, katika tumbo lake, na mtoto wa kushikana huko ni msalaba mwekundu wa shaba. Mmoja alipandisha maombi juu kwa ngazi, mwingine aliyapandisha kwa moshi. Kama la kwanza ni dini na la pili ni jiko, tuelezwe kipimo ni nini. Kama kipimo ni urefu tu, basi shemine ya Gécamines ni takatifu kuliko makanisa yote ya mji huu.

Na ule msalaba tuseme kidogo. Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, wachimbuzi walifanya kazi mwaka wa 1957 na 1958 na tena katika miaka ya 1970, na wakakuta makaburi mengi ya watu waliokaa pale zaidi ya miaka elfu iliyopita na kuendelea. Katika makaburi ya vizazi vya baadaye kuna misalaba ya shaba. Ya zamani zaidi ni michache, mikubwa, imewekwa kwenye kifua cha marehemu. Kadiri miaka inavyopita inakuwa midogo, mingi, yenye vipimo vinavyofanana, iko mikononi na viunoni: imekuwa feza. Yote haya yalitokea mbele ya misheni ya kwanza kufika huku. Kwa hiyo wale wanaofikiri kwamba msalaba wa Katanga ni kumbukumbu la mapadri, wajue kwamba ni umbo letu wenyewe. Mwaka wa 1960 misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga, na mwaka wa 1961 ikapigwa kwenye feza zake. Watu walipigana na kufa chini ya alama hiyo, na hatutaki kufungua hapa kesi ya siasa ile. Tunasema tu: alama ilijulikana na kila mtoto, lakini tanuru lililoizaa halikujulikana na yeyote.

Hapa tunageukia upande wa pili, maana wapinzani wetu si wa aina moja. Kuna ndugu wengine, wenye moyo mzuri, ambao wakisikia dharau ile wanajibu kwa kupindua mambo: eti Wasumeri wenyewe walikuwa Wabantu, eti neno hili la Kisumeri linafanana na neno lile la Kiluba, kwa hiyo mnara wa Uru ni wetu. Tunawaheshimu, lakini tunakataa. Kwanza hakuna ushahidi; maneno mawili matatu yanayofanana yanapatikana kati ya lugha yoyote na lugha yoyote. Lugha ya Kisumeri haina ndugu anayejulikana duniani. Pili, na hili ni baya zaidi, jibu hilo linakubali tusi. Mtu akikwambia baba yako ni maskini, ukakimbia kutafuta baba tajiri wa jirani na kusema "huyu njo baba yangu", umemtetea nani? Baba yako yuko palepale, amekaa mlangoni, anakutazama.

Na kuna wahubiri. Sisi wengi wetu ni Wakristo, hatuna vita na Kanisa. Lakini tumesikia mara nyingi kitabu cha Mwanzo, sura ya 11, kikisomwa kwa namna hii: mnara wa Babeli ulikuwa wa udongo na wa kiburi, Mungu akaubomoa, basi vichuguu, ambako wazee walikuwa wakipeleka unga na pombe, ni Babeli yetu, ni viti vya mashetani, vivunjwe. Na kweli vinavunjwa, kwa maombi na kwa majembe. Tusome vizuri. Sura hiyo yenyewe inaeleza kwamba watu wale walichoma matofari na kutumia lami, na Woolley alipochimba Uru alikuta matofari na lami. Mwandishi alijua kazi ya mafundi, aliieleza sawasawa. Kosa analolitaja ni kutaka kujifanyia jina. Hakutaja kosa la udongo. Na mzee aliyesimama chini ya kichuguu akiita majina ya waliokufa hakuwa anajifanyia jina. Alikuwa anayatunza majina ya wengine. Mhubiri anaweza kukataa sadaka ile, ni haki yake. Lakini asimwekee mzee kosa la Babeli, maana si lake.

Tuje sasa kwenye mnara ambao wote wanaukubali: shemine. Ndiyo picha ya Lubumbashi kwenye kadi, kwenye kalenda, kwenye michoro ya wachoraji wetu. Shemine na kile kilima cheusi kando yake, ambacho kwa Kiswahili safi ni mavi ya shaba. Tunafundishwa kwamba historia ya mukuba inaanza pale: Union Minière inazaliwa 1906, mji unaanzishwa 1910, shaba ya kwanza inamiminwa 1911. Mtoto anayesoma hivyo anaamini kwamba mbele ya 1911 hapa palikuwa msitu na nyani. Lakini Jules Cornet, yule mwanajiolojia aliyepita 1892 na ambaye anasifiwa kwa kugundua utajiri wa Katanga, aliongozwa kwenye machimbo na wenyeji waliokwisha kuyachimba zamani. Mgodi wa Étoile, hapo Ruashi, wenyeji waliuita Kalukuluku na walikuwa wamechimba humo mbele ya Mzungu yeyote kuleta ngamba yake. Na Naviundu, hapo hapo pembeni ya mji wetu, kulipatikana mabaki ya tanuru la shaba, na kipimo cha kaboni kikaliweka katika karne ya 4. Karne ya nne, ndugu msomaji! Kati ya tanuru la Naviundu na shemine kuna miaka 1500 hivi. Shemine ni mtoto wa jana.

Tunajua watasema: tanuru lilikuwa fupi, na nyuma ya kazi lilivunjwa au likaachwa kwa mvua. Zigurati ya Uru imesimama miaka elfu nne. Ni kweli. Hatusemi wankambo walikuwa na miji kama Uru, wala maandishi, wala ghala za mfalme zenye kuhesabiwa kwenye vibao. Hawakuwa nazo, na hatuna haja ya kuwapa kitu ambacho si chao. Lakini tofari la Uru halikutakiwa kamwe kushika moto wa kuyeyusha shaba. Kazi yake ilikuwa kubeba uzito na kuvumilia maji. Ukuta wa kichuguu ulitakiwa kushika moto huo, ukaushika. Ni udongo mmoja, maswali mawili, majibu mawili ya watu wenye akili. Na juu ya kudumu: mnara wa Uru nao ulianguka. Karne nyingi ulikuwa kilima cha vumbi tu. Unaoonekana leo katika picha, pande zake za chini zilijengwa upya katika karne ya 20 na serikali ya Iraki. Umesimama kwa sababu watu wake waliamua usimame.

Hapo ndipo tunapotaka kufika. Mabaki ya matanuru yetu ni madogo: vipande vya mirija, mavi ya shaba, udongo mwekundu uliochomwa. Katrapila moja inayafuta asubuhi moja, na dereva hajui amefuta nini. Milima ya shaba inakatwa moja baada ya nyingine, na pamoja nayo mashimo ya zamani. Viwanja vinauzwa mpaka ukingoni mwa vijito. Vichuguu vinakwisha. Na wale wazee walioonyesha kazi katika miaka ya 1920 wamekwenda na siri yao. Hatuna wa kumuuliza tena.

Kwa hiyo tunaomba mambo ambayo hayahitaji feza nyingi. Walimu wa historia wa mji huu wapeleke wanafunzi wao kwenye Muzeo ya Taifa, wawaonyeshe misalaba na vitu vya Sanga, na wasisubiri programu ya Kinshasa iwaruhusu. Nyuma ya hapo wawapeleke kwenye kichuguu chochote, wakate pande moja, waliweke motoni, walitazame. Naviundu iandikwe jina na karne yake kwa rangi inayosomeka kutoka barabarani. Wenye kugawa viwanja waache kichuguu kimoja kikubwa katika kila mtaa mpya, kama wanavyoacha nafasi ya soko na ya shule. Wenye kampuni za madini, mbele ya kukata mlima, wamwite mchimbuzi wa mambo ya kale kutoka chuo kikuu, apite siku chache tu. Tena atapata msaada ambao hakuutarajia: lile ua dogo la zambarau linapenda pia mahali ambapo shaba iliyeyushwa zamani, na wachunguzi wamekwisha kulifuata na kufika kwenye matanuru yaliyofunikwa na majani. Linachanua kila mwaka, mvua zikiisha, pembeni pembeni ya mji. Mwaka huu tutakwenda kulitafuta, upande wa Naviundu na wa Luano. Anayetaka kuja nasi avae viatu vya kutembea.